Ulimbo wa Fenesi Mkononi Mwangu

Ulimbo wa fenesi hautoki kwa maji. Kila mwaka watu wa mjini wanapanda huku Kinole, wanapasua fenesi kwa pupa, wanakula mpaka kidevuni, halafu wanakimbilia bombani. Maji yakishaugusa, ulimbo unageuka mpira. Unajibana kwenye mikunjo ya vidole, unashika vumbi, unashika nywele, na mtu anarudi kwake na mikono kama ya fundi wa matairi. Mimi nawaangalia tu. Nikiwa na moyo mzuri nawaitia mafuta. Nikiwa sina, nakunja kanga yangu nakaa.

Kwetu fenesi linakatwa na mtu aliyejipaka. Unachukua mafuta ya kula, si mengi, unapaka viganja vyote viwili na katikati ya vidole, unapaka na kisu pande zote mpaka mpini. Ukishalipasua, ule moyo mweupe wa katikati ndio mama wa ulimbo. Unautoa kwanza, unautupa mbali, na maziwa yanayochuruzika unayafuta kwa jani kavu la mgomba. Hapo ndipo unatoa nyama moja moja, za manjano, safi, bila uzi wala doa. Ukimaliza, kisu unakipitisha kwenye moto, ulimbo unatokota, unafuta na jani lilelile. Mikono unaisugua mafuta ya taa kidogo, halafu majivu, halafu sabuni, na maji yanakuja mwisho kabisa. Kama kuna mabaki yamejificha kwenye mikunjo, unakausha mkono vizuri, unaupasha juu ya jiko la mkaa mpaka ulimbo ulegee, unafuta, umemaliza.

Hayo alinifundisha mama yangu, na mama hakuwa na mzaha. Nikisema nimenawa, alinishika mkono wa kulia, akasugua gumba langu kwenye kidole cha shahada, mara moja, polepole. "Kinavuta?" Nikijibu hapana na yeye akaona kinavuta, nilikula kofi la kisogoni. Alisema macho yanadanganywa na mafuta yanayong'aa, lakini kidole hakidanganyiki. Basi nikakua nikikiamini kidole changu kuliko macho, na kuliko maneno ya watu. Darasani niliishia la nne, sikuona hasara. Kwenye fenesi nilikuwa profesa.

Niseme pia kwamba nilikuwa na majivuno. Fenesi langu lilijulikana. Nilikuwa nazipanga nyama kwenye vikopo vyenye vifuniko, na mtu akifungua kikopo changu hakukuta ulimbo hata wa kumnasa inzi. Wanawake wenzangu wanaouza pale yanaposimama magari ya kushuka mjini walinichukia kwa upendo.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, alikuja kukaa na mimi alipomaliza kidato cha nne. Mama yake yuko Dumila, anauza vitunguu na nyanya barabarani, na ndiye anayeniletea mafuta ya alizeti. Kwetu sisi shamba linakwenda upande wa mama, kwa hiyo mifenesi yangu itakuwa ya mjukuu huyu, na nilitaka ajue kazi kabla sijafukiwa. Namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike. Yeye naye hanibakizii.

Siku moja, msimu wa mwaka juzi, nilikuwa nimemaliza mafenesi matatu. Nikasugua gumba kwenye kidole cha shahada, kama nilivyozoea. Hakikuvuta. Sikuwa nimeshika majivu wala sabuni, ndiyo kwanza nimejipaka mafuta ya taa, na tayari kidole kiko laini kama cha mtoto. Nikarudia. Kimya. Nikamwita.

"Mke mwenzangu, njoo uone. Ulimbo wenyewe sasa unaniogopa."

"Bibi na wewe!" akasema bila kuinua kichwa. "Unaogopwa na mbwa, unaogopwa na mwenyekiti wa kitongoji, sasa unaogopwa na ulimbo. Umebakiza mvua."

Nikacheka, nikanawa juujuu, nikaenda kuanua karafuu. Alasiri akapita jirani yangu, mwanamke wa umri wangu ambaye tumecheza wote tukiwa vigoli. Akanipa mkono. Alipotaka kuutoa haukutoka. Ulitoka kwa kuvutwa, na kati ya kiganja chake na changu zikanyooka nyuzi nyeupe, ndefu, kama za buibui.

"Shoga! Umetoka kutega ndege?"

"Nilikuwa na haraka," nikasema.

"Haraka ya wapi? Huu ulimbo unatosha kunasa kunguru na mume wake."

Alienda zake akifuta mkono kwenye mti. Mimi nikabaki nautazama mkono wangu. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia kwenye vidole vyote vitano. Nikasugua gumba tena huku naangalia. Macho yakaona ulimbo unavutika, unakatika, unavutika. Kidole hakikusema chochote.

Mtu mwingine angeogopa hapo. Mimi nilijiambia ngozi imekuwa ngumu, na ngozi ngumu ni heshima kwa mwanamke wa kazi. Miguu ilishakuwa hivyo mwaka mzima kabla. Nilikuwa natembea pekupeku kwenye kokoto za kushukia mtoni kama natembea juu ya godoro, nikadhani nimepewa nguvu za uzeeni.

Kulikuwa na sisimizi pia. Walianza kujaa chooni. Wanatoka ukutani, mstari mmoja, mpaka pale ninapochutama, wanatulia hapo wananywa. Nyumba ya fenesi haikosi sisimizi, wako jikoni, wako kwenye ndoo, wako kwenye pindo la kanga. Kwa hiyo nilisema ni utamu wa fenesi unanifuata kwenye nguo. Nikawa nawamwagia majivu. Kesho yake wamerudi, wengi zaidi, mahali palepale. Na kiu. Nilikuwa nakunywa mtungi kama ng'ombe aliyetoka Gairo, mjukuu ananitania kwamba nina samaki tumboni.

Halafu yakaja Maulidi. Msikitini kwetu wanawake tunapika pamoja, masufuria makubwa juu ya mafiga, na mimi huwa kwenye wali. Wali ulipoiva kila mtu akawa anatafuta matambara ya kuipulia. Nikasema ondokeni. Nikaishika sufuria kwa mikono mitupu, huku na huku, nikaiinua kutoka kwenye mafiga, nikatembea nayo hatua saba au nane, nikaiweka chini. Vigelegele vilipigwa mpaka wanaume wakachungulia.

"Hii mikono au koleo?" akauliza mmoja.

"Mikono ya zamani hiyo. Nyie mmelelewa kwa jiko la gesi."

Nilikaa nimevimba kichwa. Mjukuu wangu hakupiga kigelegele. Alikuja akanigeuza viganja, akavitazama, na mimi nikavinyang'anya kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Viganja vilikuwa vyekundu, vinang'aa. Jioni ile vikaota malengelenge, nikayapasua mwenyewe na mwiba wa mchungwa, nikaongea naye habari nyingine kabisa wakati nayapasua. Yeye ndiye aliyekuwa anakunja uso.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yananijia, moja moja, na mimi nayapokea kama zawadi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua imetoka kunyesha, mlima umefunikwa na ukungu mpaka kwenye migomba. Fenesi la kwanza la msimu uliofuata. Lilikuwa na ulimbo mwingi kuliko kawaida, mafenesi ya mvua huwa hivyo. Nilimaliza, nikapitisha mafuta ya taa, majivu, sabuni, nikakausha. Sikuwa nakiamini tena kidole, kwa hiyo nikawa natazama, na macho yakaniambia bado kuna weusi kwenye mikunjo. Nikausogeza mkono wa kulia kwenye jiko la mkaa kuupasha. Mjukuu alikuwa mlangoni anapanga vikopo, tunaongea habari ya msichana mmoja aliyeolewa Mlali na kurudi kwao baada ya wiki mbili.

"Alirudi na godoro?" nikauliza.

"Na godoro, na feni. Kule kwa mume wamebaki na kitanda cha kamba."

Nikacheka sana. Naye akacheka, halafu akaacha. Akanusa.

"Bibi, umebanika nini?"

"Sijabanika kitu."

"Kuna nyama inaungua."

Nikanusa na mimi. Kweli. Harufu ya nyama, ya mafuta ya nyama, nzuri kabisa, kama ya siku ya Idi. Nikaangalia chini ya meza nikidhani paka ameleta kitu. Nikaangalia kwenye kikaango. Sikuona kitu. Mjukuu wangu akapiga kelele ambayo mpaka leo sijui niielezeje, akaruka, akaushika mkono wangu akaurusha nyuma kama mtu anayetupa nyoka. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimelala juu ya ukingo wa jiko. Kilikuwa kimelala hapo tangu habari ya godoro. Kipande cha ngozi kilibaki kwenye bati, kinatoa moshi.

Niliusubiri uchungu. Mtu akiungua kuna ile nukta kidogo kabla hakujauma, kila mpishi anaijua. Nikaisubiri ipite. Nilisimama pale na kidole cheupe, kimechanika, na ndani naona kitu ambacho mtu hatakiwi kuona cha kwake mwenyewe, na nilikuwa sisikii chochote. Hapo ndipo niliogopa. Nilizaa watoto sita, nimeuguza mume mpaka mwisho, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kukosa uchungu.

Na kwa sababu niliogopa, nikafanya ujinga. Nilimwambia hakiumi, kwa hiyo si kitu. Nikakipaka asali, nikakifunga kitambaa, nikamkataza asimpigie mama yake. "Ukimwambia, nakurudisha Dumila ukauze vitunguu." Msimu ndiyo umeanza, mafenesi yanadondoka yenyewe, nani atakata? Nikakata. Siku nne nilikata fenesi na kitambaa kidoleni. Ulimbo ukaingia kwenye kitambaa. Nikawa nautoa ninavyojua mimi, mafuta ya taa juu ya kitambaa, majivu juu ya mafuta ya taa. Kitambaa kikawa kigumu kama ganda, kimegandana na kidole, sikuweza kukifungua na sikutaka. Mtu mwingine uchungu ungemwambia acha. Mimi sikuwa na wa kuniambia.

Siku ya tano nilikaa kwenye mkeka baada ya adhuhuri, nikasinzia. Nilipofungua macho mjukuu alikuwa amepiga magoti mbele yangu, analia bila sauti. Nikatazama alikokuwa anatazama. Sisimizi walikuwa wametoka ukutani, mstari mmoja, wamepita juu ya mkeka, juu ya paja langu, wameingia ndani ya kitambaa. Walikuwa wanaingia na kutoka kama wana shughuli ya kudumu.

Hakuniuliza. Aliita pikipiki, akaniweka katikati, yeye nyuma amenishikilia, tukashuka. Zahanati hawakutuweka hata nusu saa. Mganga wa zamu alikata kitambaa, akafunga mdomo na pua kwa kiganja, akasema mjini, sasa hivi, hospitali kubwa. Kidole kilikuwa cheusi.

Mjini walinitoboa kidole kingine wakaweka damu kwenye kimashine. Nesi akakitazama, akakitikisa, akanitoboa tena. Mashine haikuandika namba, iliandika herufi mbili tu. Mjukuu akauliza maana yake nini.

"Maana yake sukari imepita pale inapoweza kuhesabu," nesi akasema. "Bibi, hujawahi kupima?"

"Nipime nini? Mimi si mgonjwa."

"Una kisukari bibi yangu, na si cha jana. Kimekula mishipa ya fahamu. Ndiyo maana huungui."

"Naungua. Wewe huoni?"

"Hujui kama unaungua. Haya, fumba macho. Nitakugusa na pamba kwenye vidole. Nikikugusa, sema ndiyo."

Nikafumba. Nilikuwa nimekasirika. Kitoto cha juzi kinanifundisha vidole vyangu. Nikahesabu moyoni, nikakisia.

"Ndiyo," nikasema.

"Ndiyo," nikasema tena. "Na hapo. Ndiyo."

Nikasikia mjukuu wangu anavuta kamasi. Nikafumbua. Nesi alikuwa amesimama mbali, pamba bado iko kwenye trei.

"Sijakugusa bado, bibi."

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti zangu, amejifunga hijabu ya bluu. Alinipa shikamoo kwanza, nikamwitikia, halafu akanieleza bila kuzunguka, na kwa hilo namheshimu. Weusi ulikuwa umeshuka mpaka karibu na shina la kidole. Akachukua kalamu ya wino mzito akachora mstari kulizunguka shina la kidole cha shahada, ukapita mgongoni mwa mkono na ndani ya kiganja.

"Tumeanza dawa na sindano za sukari. Kesho asubuhi nitaangalia. Weusi ukiwa haujavuka mstari huu, maana yake umesimama, nitatoa kidole hiki kimoja na mkono utabaki. Ukivuka, bado unatembea, na mimi itabidi niukate njia mbele. Umenielewa bibi yangu?"

"Mbele wapi?"

Akapitisha kidole chake kwenye kiganja changu. Halafu, taratibu, kwenye kifundo.

Mkono wa kulia. Ninaokulia, ninaopokelea, ninaoshikia kisu. Kidole kile ndicho ninachoinua nikiwa kwenye tahiyatu, tangu nina miaka saba. Nilimwambia nimeelewa.

Wodini mjukuu alininunulia chakula, wali na samaki wa kukaanga, akanilisha tonge moja moja mbele ya watu. Nilikula kwa aibu. Alipoenda kuosha vyombo nikaugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. Nilitazama kwa muda mrefu. Na nikaona, au nilidhani nimeona, kivuli cha weusi kimegusa wino. Hakijavuka. Kimegusa tu.

Nitaandika nilichofanya, kwa sababu Kinole wote niliwaambia vingine.

Karatasi ya samaki ilikuwa bado kitandani, imelowa mafuta. Na mimi ni mtu ninayejua kutoa vitu mkononi. Wino nao unatoka kwa mafuta, kama ulimbo, kama lami, kama rangi ya mlango. Nikachovya pembe ya kanga kwenye ile karatasi, nikaanza kusugua. Nilitaka kuufuta mstari ule na kuchora mwingine, juu kidogo, upande wa kifundo, ili weusi uwe na nafasi. Ndivyo nilivyofikiri. Kama vile ugonjwa ulikuwa unasoma. Kalamu niliiona kwenye meza ya nesi, ningeiomba kwa kusema nataka kuandika jina la mjukuu. Nilisugua polepole, kwa ufundi, kuzunguka, kama mama alivyonifundisha, na wino ukawa unatoka vizuri. Ulikuwa umetoka mgongoni wote na kiganjani nusu pale mjukuu aliporudi na sahani mikononi.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nasafisha. Mkono mchafu."

Akaweka sahani sakafuni. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Mstari uko wapi?"

"Unaonekana huo hapo."

"Hapa nyuma ulikuwa wapi? Bibi. Ulikuwa wapi?"

Nikamwonesha. Halafu nikamwonesha mahali pengine kidogo. Halafu sikujua. Kwenye ngozi ile iliyovimba kila mahali palifanana. Akanitaka nikubali aende kumwita nesi, nikamwambia akienda si mjukuu wangu tena, nikamwambia shamba nitampa binamu yake, nikamwambia maneno ambayo bibi hamwambii mjukuu. Alisimama akasikiliza yote. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mpe," akaenda kumwita.

Daktari alikuja yeye mwenyewe. Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa, akaupeleka mkono wangu kwenye mwanga, akaugeuza pande zote mbili.

"Ningekuwa na mstari wangu, asubuhi ningejua umesimama au unatembea," akasema. "Sasa sijui. Na siwezi kusubiri siku nyingine ili nijue."

"Chora tena."

"Nikichora tena naanza kuhesabu leo, bibi. Leo hii huna ya kupoteza."

Asubuhi alitoa viwili. Cha shahada kwa sababu kilikuwa kimekufa, na cha kati kwa sababu hakutaka kubahatisha. Alichimba na kiganja kidogo, nimebaki na bonde hapo. Aliniambia baadaye, nilipomuuliza, kwamba cha kati kilikuwa kizima ndani. Alisema kwa upole. Kingeweza kupona, au kisingeweza, mstari ndio ungesema.

Nilirudi Kinole na mkono wa vidole vitatu. Niliwaambia watu kwamba maradhi yalitaka viwili. Walinipa pole, wakaleta ndizi, wakaleta kuku, na yule shoga yangu alisema Mungu mwema, angeweza kuchukua mkono mzima. Mjukuu alikuwa anapanga vikombe. Hakugeuka.

Sasa yeye ndiye anakata mafenesi. Mimi nakaa pembeni naelekeza, na akikosea napiga kelele, na kelele zangu bado zina nguvu. Haniruhusu karibu na jiko. Chai ananipimia yeye, uvuguvugu. Nasali na kuinua gumba, sijui kama inafaa, sheikh anasema nia inatosha. Sindano ya sukari ananichoma asubuhi na jioni, na fenesi silionji, nalinusa. Kwa kalamu nimezoea kuibana kati ya gumba na kidole cha pete, maandishi yanakwenda kama kaa, lakini yanakwenda.

Kila siku baada ya alasiri ananikalisha kwenye mkeka pale penye mwanga, ananikagua. Mikono, kucha, katikati ya vidole, halafu miguu. Anatazama kama mtu anayechagua mchele. Nikimtania hanijibu mpaka amalize, kisha anasema, "Hamna kitu, bibi," na hapo ndipo tunaendelea kuwa watu.

Wiki iliyopita alifika kwenye mguu wa kushoto na hakuuachia.

Ukungu ulikuwa unashuka, kuku wanarudi. Alikuwa ameshika kisigino changu kwa mikono miwili.

"Nini?"

Akaokota ndala yangu, ile ya kushoto, akaigeuza chini juu. Kichwa cha msumari kilikuwa katikati ya soli, kidogo, kinang'aa kwa kutembelewa. Akaigeuza tena. Upande wa juu ncha ilikuwa imetokeza, urefu wa kipande cha kidole, ina kutu, ina weusi.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Sasa hivi, nilipotoka chooni. Nilikuwa nimeshaliona linavyotoka, linavyomtuliza, linavyotuacha sote wawili tukanywe chai yetu. Aliniangalia usoni akisubiri, na mkono wake mmoja tayari uko kwenye simu.

"Labda leo," nikasema. "Labda juzi. Sijui, mke mwenzangu. Sijui kabisa."

Akapiga simu ya pikipiki. Niliuliza nivae kanga ipi, akasema yoyote, bibi, yoyote.